Kitambaa Kinachopumua: Niliyowaambia Wenye Boti wa Dunga

Haya ni maneno niliyoyasema ufukweni Dunga, Kisumu, mbele ya wenye boti za uvuvi na wale wanaobeba wageni. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani, kwa sababu wengi waliniomba wapate kuyasoma kwa utulivu.

Mwenyekiti wa BMU (kamati ya kusimamia ufuo), wazee wangu mlioketi hapo mbele, akina mama wa samaki, na nyinyi vijana mnaowapeleka wageni kuona viboko: hamjambo? Ahsanteni kwa kuniita. Mimi ni fundi wa maturubai. Nimeshona viti vya matatu, maturubai ya malori, hema za arusi na za matanga, na miaka hii ya karibuni vifuniko vya boti. Leo sikuja kuuza kitu. Nimekuja kwa sababu kila nikipita ufukweni naona boti nzuri imefunikwa kwa kitambaa kinachoiua, na mwenyewe anaamini anaitunza.

Niruhusuni nianze na boti ya baba yangu mdogo. Ilikuwa ya mbao, futi 24, na ndiyo iliyonisomesha. Mwaka mmoja aliugua, akalazwa, boti ikabaki nchi kavu msimu mzima wa mvua ya masika. Aliniomba niifunike vizuri. Nilikuwa kijana wakati huo, nimetoka tu kujifunza kazi, na nilimpenda sana mzee yule. Nikatafuta turubai la lori, lile zito la plastiki, zito kuliko yote yaliyokuwa dukani. Nikalishona, nikaliteremsha hadi chini, nikalifunga kamba pande zote. Hata tone halingeingia. Nilisimama pale nikaitazama kazi yangu nikaridhika.

Mwezi wa sita alirudi, tukalifungua pamoja. Harufu iliyotoka ni ya ghala la mahindi yaliyonyeshewa. Upande wa ndani wa turubai ulikuwa umejaa matone, yananing'inia kama jasho. Nikachukua bisibisi, nikaigusisha pale ubavu wa boti unapokutana na ubao wa chini. Iliingia mpaka mpinini bila mimi kusukuma. Tulibadilisha mbao saba na mbavu nne. Mzee hakunigombeza. Alinishika bega akasema, "Mwanangu, mvua haikuingia." Maneno hayo sijayasahau. Nataka kuwaeleza maana yake, kwa sababu kila mtu anayekuja kwangu kutafuta turubai huuliza swali moja tu: je, hili linapitisha maji? Ni swali la haki, lakini likiulizwa peke yake linaozesha boti.

Maji yaliyoozesha boti ile yalitoka wapi, kama mvua haikuingia? Yalikuwa ndani tayari. Mbao zilikuwa zimelowa kwa miezi ya kuwa ziwani. Chini ya sakafu kulibaki maji kidogo, yale tunayoyaacha tukisema yatakauka yenyewe. Ardhi nayo, chini ya boti, ilikuwa mbichi. Mchana jua likipiga turubai, ndani panakuwa kama sufuria yenye kifuniko: unyevu unapanda. Usiku upepo wa nchi kavu unateremka kuelekea ziwani, turubai linapoa, na ule mvuke unageuka maji tena na kudondokea mbao. Kesho yake hivyo hivyo. Boti ilikuwa inajinyeshea yenyewe kila usiku kwa miezi mitatu.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wa kwetu hawaambiwi. Ndugu zetu wa Lamu na Mombasa wana mashua za mbao zinazoishi miaka mingi, nao wanaweza kukupa ushauri mzuri juu ya mambo mengi. Lakini maji yao yana chumvi, na chumvi ikishaingia kwenye mbao huwasumbua wale kuvu wanaozila. Nam Lolwe, hili Ziwa Viktoria letu, ni maji matamu. Mbao iliyolowa maji matamu, ikikosa hewa na ikapata joto, ni chakula kilichopakuliwa. Kwa hiyo boti ya ziwani inahitaji kupumua kuliko boti ya baharini. Mwenye boti ya faiba asidhani hayamhusu. Faiba yenyewe haiozi, lakini sakafu ya plaiwudi iliyo ndani yake, sponji za viti, nyaya za umeme na jaketi za kuokolea maisha vyote vinapata ukungu. Mgeni akivalishwa jaketi inayonuka ukungu, atakumbuka hiyo harufu kuliko viboko.

Sasa tuje kwa adui wa pili, ambaye kwetu ndiye mkubwa. Jua. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mtu akipanda mita 1,000, miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayochoma ngozi na kuvunja nyuzi, huongezeka kwa takriban asilimia 10. Wenzetu wa Naivasha, kule kaunti ya Nakuru, wako karibu mita 1,890, na ingawa hali yao ya hewa ni ya baridi kuliko yetu, kitambaa chao kinaungua haraka zaidi. Baridi inawadanganya. Nimewahi kuletewa kutoka huko kifuniko kilichonunuliwa mwaka uliotangulia. Nilikikunja tu mikononi kikapasuka kama karatasi ya gazeti la zamani.

Wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, nyinyi ndio mnaonihurumisha zaidi katika jambo hili. Mnafanya kazi usiku, taa zikiwa juu ya maji, na mchana boti inalala ufukweni. Maana yake inapigwa jua kuanzia asubuhi mpaka jioni, nyavu zikiwa ndani. Nyavu zenyewe ni za nailoni, na nailoni haipendi jua. Kwenu kifuniko ni kivuli kwanza, mwavuli baadaye.

Basi tushike vitambaa vyenyewe. Nimevileta vipande, viko hapo mezani, mtavishika.

Lile turubai la buluu linalouzwa kila mahali, jepesi, linalolia likiguswa, ni plastiki iliyofumwa ikapakwa plastiki nyingine. Hufaa kufunikia mchanga au kukinga mahindi kwa wiki mbili. Juani kwetu hapa, baada ya miezi michache, linaanza kumeguka vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo vinaishia majini. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tulifurahi kuona ufuo unasafishika. Inauma kuona tunarudisha uchafu ule ule kupitia turubai. Sitasema zaidi juu yake.

Turubai la lori, lile lililoniponza, ni nyuzi za poliesta zilizofunikwa plastiki iitwayo PVC pande zote mbili. Lina uzito wa gramu 500 hadi 900 kwa mita mraba. Halipitishi maji hata kidogo, halichaniki ovyo, na linaweza kuunganishwa kwa moto badala ya sindano. Silichukii. Mbele ya boti panaposuguliwa na kamba, kwenye pembe, juu ya kioo cha dereva, natia kiraka chake kila mara. Lakini halipumui, na jua likilifyonza zile dawa zinazolifanya kuwa laini, linakauka na kupasuka kwenye mikunjo. Ukilitumia kwa boti nzima, ni lazima uliinue juu kama paa la nyumba, pande mbili ziwe wazi upepo upite. Mkiliteremsha hadi chini kama nilivyofanya mimi, mtaona nilichokiona.

Kanvasi ya pamba wazee wanaikumbuka. Mji huu ulikuwa na KICOMI, kiwanda chetu wenyewe cha pamba, na wako hapa ambao wazazi wao walifanya kazi pale. Pamba ina akili yake: ikilowa, nyuzi zinavimba na kuziba matundu, maji yanateleza juu. Ikikauka, matundu yanafunguka na boti inapumua. Ni kitambaa kizuri mno kwa nchi kavu. Udhaifu wake ni kwamba ukungu unaila, na ukiigusa kwa ndani wakati imelowa, maji yanaanza kupenya pale pale ulipogusa. Hapa kwetu mvua inaweza kunyesha jioni tano mfululizo, haipati siku ya kukauka. Ukiwa na kanvasi ya zamani, itandaze juu ya nyavu mchana, uianike, usiiache imekunjwa mbichi.

Nailoni ina nguvu nyingi lakini hunyonya maji, na ikilowa hulegea. Kifuniko ulichokifunga kikakaza asubuhi, jioni kimening'inia katikati. Muiache.

Vinabaki viwili, poliesta na akriliki, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Poliesta ina nguvu, hailegei sana, inavumilia kusuguliwa. Dukani mtaambiwa "hii ni 600". Namba hiyo ni denieri, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa kilomita tisa ukiwa na gramu 600, ni mnene. Ukiwa na gramu 300, ni mwembamba nusu yake. Kwa boti inayokaa nje mwaka mzima, msishuke chini ya 600. Lakini namba hiyo haiwaambii lolote kuhusu rangi, wala kuhusu kile kilichopakwa ndani, na humo ndimo mnamoibiwa.

Rangi kwanza. Kuna nyuzi zinazofumwa zikiwa nyeupe, kisha kitambaa kinatumbukizwa kwenye rangi. Na kuna nyuzi ambazo rangi ilitiwa wakati plastiki yake ingali uji, kabla hata hazijawa nyuzi. Chukua embe bichi: ganda kijani, ndani nyeupe. Halafu chukua kile kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kinacholimwa Busia na Homa Bay: kikate popote, rangi ni ile ile. Kitambaa cha embe hupauka, na rangi ikiondoka miale inapata njia ya kuivunja nyuzi. Mkifika dukani ombeni kipande, chomoeni uzi mmoja, mkate kwa wembe na mtazame ncha yake kwenye mwanga. Mwenye duka akikataa kukupa hata kipande cha upana wa kiganja, tafuta duka lingine.

Kisha geuza kitambaa. Upande wa ndani uking'aa na kuteleza, umepakwa utando. Utando unazuia mvua vizuri ukiwa mpya, lakini unapunguza kupumua, na kwa joto na unyevu wa huku baada ya miaka kadhaa hubanduka kama ngozi iliyoungua. Kwa faiba inayokaa chini ya banda naukubali. Kwa boti ya mbao ufukweni nataka poliesta iliyotiwa rangi kwenye uzi, yenye dawa ya kusukuma maji, bila utando mzito.

Akriliki ndiyo inayovumilia jua kuliko zote nilizozishona. Kampuni ya Glen Raven ya Marekani ilitoa akriliki yake iitwayo Sunbrella mwaka 1961, kwanza kwa vivuli vya madirisha na veranda, kisha ikahamia kwenye boti. Nyuzi zake zina rangi mpaka kiini. Inapumua. Ukungu hauwezi kuila yenyewe, ila utaota juu ya vumbi na kinyesi cha ndege vilivyobaki juu yake, na korongo wa Kisumu mnawajua. Bei yake ni ya juu, sitawaficha. Na ina udhaifu: haivumilii kusuguliwa. Pembe moja kali ya chuma, na upepo wa alasiri unaotoka ziwani, vitatoboa akriliki ya bei ghali katika msimu mmoja. Ndiyo maana nashona akriliki mwilini na viraka vya turubai la lori pembeni. Boti yako ikivutwa kwa trela hadi Luanda K'Otieno na kurudi, chagua poliesta. Huko barabarani kitambaa kinapigwa upepo kama bendera, na akriliki haitakufaa.

Kuna mama hapa alitaka kujua kupumua ni kupumua vipi, maana kitambaa hakina pua. Mama, nilikuomba uje mbele na ukaja, nakushukuru. Mlimwona alivyoweka kipande cha akriliki mdomoni akapuliza, na mimi kiganja changu kilikuwa upande wa pili nikahisi joto la pumzi yake. Kisha akapuliza turubai la lori mashavu yakavimba, na kiganja changu hakikuhisi chochote. Halafu tulikunja kile kipande cha akriliki kikawa kama bakuli tukamwagia kikombe cha maji. Yako pale mpaka sasa, hayajapita. Hewa inapita, maji hayapiti. Fanyeni jaribio hilo dukani kabla ya kutoa pesa. Halihitaji fundi.

Uzi wa kushonea nao. Ninaletewa vifuniko vya kitambaa kizima kabisa vilivyofumuka kila mshono, kwa sababu fundi alitumia uzi wa pamba au uzi mwembamba wa nguo. Jua linaua uzi kabla ya kitambaa, maana uzi umekaa juu, hauna pa kujificha. Mwambieni fundi atumie uzi mnene wa poliesta wa kazi ya nje. Upo na uzi wa plastiki iitwayo PTFE ambao jua haliudhuru kabisa. Ni ghali, lakini kwa mtu aliyenunua akriliki ni upungufu wa hesabu kuushonea uzi wa bei rahisi. Na mishono isipite katikati ya paa la kifuniko maji yanapotulia. Ipite mgongoni, pale juu kabisa, au pembeni, ikunjwe mara mbili.

Hapo kwenye maji kutulia nitawapa hesabu moja. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja, na lita moja ni kilo moja. Boti ya mita 6 kwa mita 1.8 ni karibu mita mraba 11. Mvua ya milimita 30, ile inayoteremka jioni kutoka upande wa Nandi na ngurumo zake, inamwaga juu yake lita 330 hivi. Kifuniko kikiwa bapa, hizo ni kilo 330 zimekaa katikati ya kitambaa, na hakuna kitambaa duniani kitakachovumilia hilo kila wiki. Kitalegea, kitafanya dimbwi. Na dimbwi la maji safi ya mvua kwa wiki mbili, jamani, kanda hii ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko zote Kenya. Mbu hahitaji zaidi ya hapo. Mtoto wako analala mita 50 kutoka kwenye hiyo boti. Wekeni matao: mianzi iliyopindwa, au paipu za plastiki za kupitishia nyaya, kila baada ya mita moja, na kamba au mti mmoja mgongoni kutoka mbele hadi nyuma. Maji yateleze yaende zao.

Cha mwisho nitakisema kwa uzito, kwa sababu kinagusa maisha. Petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hautoki juu kama moshi, unateremka na kulala chini ya sakafu ya boti. Boti iliyofunikwa mchana kutwa, tangi likiwa ndani na jua likipiga, inakusanya mvuke huo. Ukifunua asubuhi usiwashe injini wala sigara hapo hapo. Ondoa kifuniko chote, acha upepo upite, nusa chini karibu na sakafu, ndipo uvute kamba ya injini. Na mkiweza, msilaze tangi ndani ya boti iliyofunikwa. Kwenye kila kifuniko ninachoshona sasa naacha vidirisha viwili vyenye kofia, kimoja mbele na kimoja nyuma, hewa iingie huku itoke kule. Ukipewa kifuniko kisicho navyo, mrudishie fundi avitie.

Mzee mmoja aliniuliza kabla sijasimama: kama mfuko hauruhusu akriliki wala poliesta nzuri, afanye nini? Mzee wangu, anza na kivuli. Ikiwezekana watu wanne mjenge banda moja la mabati, boti zilale chini yake, na turubai la bei nafuu litoshe kuzuia vumbi na ndege. Kama ni lazima litumike lile la lori, liinue juu ya matao, liishie shubiri mbili juu ya ukingo wa boti. Ondoa maji yote ya ndani kwa sponji kabla ya kufunika. Funga kwa vipande vya tyubu kuukuu za baiskeli badala ya kamba ngumu. Zinavutika upepo ukija na kukaza tena ukitulia, na kitambaa hakipasuki kwenye vitundu vyake. Siku ya jua, fungua kwa muda wa saa mbili au tatu. Baba mdogo alifanya hivyo miaka yote iliyobaki ya boti ile, na zile mbao saba tulizoziweka hazikubadilishwa tena.

Nimekuja na futi ya mita 30, chaki na daftari. Boti haipimwi kwa kukisia, na nataka vijana wajifunze kupima wenyewe ili fundi yeyote asiwauzie kitambaa cha ziada. Tuanze na ile ya kijani iliyo karibu na mti. Nani atanishikia ncha ya futi pale mbele?